Mbweu ya Ng'ombe Ndani ya Bomba la Kioo: Maabara Inavyopima Methani, na Namna ya Kuyasoma Majibu Yake

Jioni, ng'ombe akishakamuliwa na kulala chini acheue, keti karibu naye umtazame shingo. Utaona tonge likipanda kutoka tumboni hadi mdomoni, likitafunwa taratibu kwa muda wa dakika moja hivi, kisha likimezwa upya. Katikati ya kazi hiyo, bila sauti wala vurugu, hutoka pumzi ambayo si ya mapafu. Ukisogeza uso utaipata harufu yake, ya majani yaliyochacha, kama shimo la saileji lililofunuliwa asubuhi. Hiyo ni mbweu, na methani hutoka pamoja nayo.

Watu wengi hudhani gesi hii hutokea nyuma. Vipimo vilivyofanywa kwa kondoo katika miaka ya 1970 vilionyesha kwamba karibu asilimia 98 ya methani hutoka kwa mdomo na pua. Hata ile inayozaliwa kwenye utumbo mpana, sehemu yake kubwa hunyonywa na damu, ikapelekwa kwenye mapafu na kutolewa kwa pumzi. Anayetaka kupima lazima alijue hilo kwanza, maana ndilo linalomwambia chombo akiweke wapi.

Naandika makala haya kwa sababu namba za methani zimeanza kufika hadi zizini. Mfugaji anaambiwa kwenye semina kwamba majani fulani yanapunguza methani kwa asilimia kadhaa. Chama cha ushirika kinaletewa unga wa kuchanganya na pumba, na karatasi yenye jedwali la maabara. Afisa ugani anaombwa aeleze, naye hakufundishwa. Namba hizo si za uongo. Shida ni kwamba nyingi zimetoka kwenye bomba la kioo lenye kijiko kidogo cha majani, na anayezipokea huzichukua kana kwamba zimetoka kwa ng'ombe wake. Ukiijua safari ya namba kutoka kwenye kioo hadi kwenye karatasi, utajua uiamini kwa jambo gani na usiiamini kwa lipi.

Mlango wa hidrojeni

Tumbo la kwanza la ng'ombe mkubwa, wataalamu huliita rumeni, huweza kubeba lita 100 na zaidi za malisho yaliyolowa. Joto lake ni nyuzi 39 za Selsiasi, oksijeni karibu haipo, na humo wamejaa bakteria, protozoa na kuvu wasiohesabika. Ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kuvunja nyuzinyuzi za majani. Hao ndio wanaomvunjia. Majani yakichachuka hutoa asidi za asetiki, propioniki na butiriki, nazo hupenya ukuta wa tumbo na kuwa chakula chake halisi.

Kazi hiyo huacha hidrojeni, na hidrojeni ikilundikana uchachuaji hukwama. Hapo ndipo wanapoingia arkea, viumbe wadogo wanaofanana na bakteria kwa umbo ingawa ni ukoo mwingine kabisa. Wao huchukua molekuli nne za hidrojeni na moja ya kabonidayoksaidi, wakatengeneza molekuli moja ya methani na mbili za maji. Methani, basi, ni mlango ambao tumbo hutolea hidrojeni. Ukiuziba bila kufungua mlango mwingine, unaweza kumharibia ng'ombe mmeng'enyo wote. Nitaurudia mlango huu, kwa sababu vipimo vya maabara husomwa vibaya hasa pale unaposahaulika.

Kuna jambo jingine la kushika. Asidi ya asetiki inapotengenezwa huacha hidrojeni. Propioniki inapotengenezwa huitumia. Mabua makavu na nyasi zilizokomaa huelekea kwenye asetiki, nafaka huelekea kwenye propioniki. Ndiyo maana ng'ombe wa mabua hutoa methani nyingi kwa kila kilo anayoimeng'enya kuliko ng'ombe wa nafaka.

Ni kiasi gani hicho? Tuhesabu pamoja. Chukua ng'ombe wa maziwa anayekula kilo 8 za malisho kwa siku, baada ya kuondoa maji yote. Tuseme kila kilo inazaa gramu 20 za methani, kiwango cha kawaida kabisa. Anatoa gramu 160 kwa siku, karibu lita 245 za gesi kwa joto la chumba, na kama kilo 58 kwa mwaka. Kilo moja ya methani ina nishati ya megajuli 55.65, kwa hiyo gramu 160 ni karibu megajuli 9. Malisho yake yote yalikuwa na megajuli 148 hivi. Asilimia 6 ya nishati aliyoila imetoka kama mbweu. Lita moja ya maziwa humgharimu ng'ombe takriban megajuli 5 za nishati anayoweza kuitumia, hivyo hesabu hii yaonyesha ukubwa wa hasara. Lakini usidhani kwamba methani ikizuiwa maziwa yataongezeka kwa kiasi hichohicho, kwani hidrojeni bado itahitaji pa kwenda.

Kwa upande wa hali ya hewa, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi huhesabu kwamba kilo moja ya methani ya mifugo huchangia joto kama kilo 27 za kabonidayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100, na kama kilo 80 hivi kwa kipimo cha miaka 20.

Asubuhi ya kazi

Kipimo kinachotumika sana katika maabara zetu na za nchi nyingine zisizo na fedha nyingi kilitokea Ujerumani. Mwaka 1979 Menke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hohenheim, karibu na Stuttgart, walichapisha njia ya kuchachua malisho ndani ya mabomba ya sindano ya kioo yenye ujazo wa mililita 100. Mwaka 1988 Menke na Steingass wakatoa milinganyo ya kukadiria nishati ya malisho kutokana na gesi iliyopatikana. Kabla yao, mwaka 1963, Tilley na Terry wa Hurley, Uingereza, walikuwa wameonyesha kwamba maji ya rumeni yanaweza kumeng'enya nyasi ndani ya mrija wa kioo kwa namna inayokaribia ya kondoo. Menke alichoongeza ni kuisikiliza gesi. Wengine baadaye waliacha mabomba wakatumia chupa zilizozibwa kwa mpira, wakawa wanapima msukumo wa gesi ndani yake. Ni ndugu wa karibu, na yote nitakayosema juu ya bomba yanazihusu chupa pia.

Kazi huanza alfajiri, kabla ng'ombe hajapewa majani. Maabara kubwa huwa na ng'ombe au kondoo waliotobolewa ubavuni na daktari wa mifugo na kuwekewa mfuniko wa mpira. Kidonda hupona, mnyama huishi miaka, na mkono unaweza kuingia hadi ndani ya rumeni. Maabara zisizo na mnyama wa namna hiyo huenda machinjioni. Njia zote mbili zinakubalika, ila anayetoa maji ya machinjioni hajui mnyama alikula nini jana yake, na hilo huandikwa kwenye ripoti. Huchukuliwa maji ya wanyama wawili au watatu yakachanganywa, kwa kuwa tumbo moja lina tabia zake.

Chupa ya chai ndiyo chombo cha safari. Huoshwa kwa maji ya moto ipate joto, kisha hujazwa hadi shingoni, maana nafasi yoyote iliyobaki ni oksijeni, na oksijeni kwa viumbe hawa ni sumu. Maabarani maji hukamuliwa kwa shashi iliyokunjwa mara kadhaa. Yana rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani, yana povu, na harufu yake hushika mikononi hadi jioni hata ukinawa kwa sabuni. Ukilitazama tone lake kwenye hadubini, protozoa wanakimbiakimbia kama umati sokoni. Wakiwa wametulia tuli, fundi mzoefu huyamwaga na kuanza upya, maana maji yamepoa njiani.

Pembeni, mate bandia yanasubiri. Ng'ombe humeza mate mengi sana kwa siku, nayo ndiyo yanayozuia asidi isimuunguze tumbo, kwa hiyo maabara hutengeneza yake kwa magadi, fosfeti na chumvi nyingine. Hutiwa pia rangi iitwayo resazurini. Mwanzoni chombo kizima ni cha buluu. Kabonidayoksaidi inapopitishwa ndani yake na dawa ya kuondoa oksijeni inapofanya kazi, buluu hugeuka waridi, kisha waridi hufifia hadi maji yakabaki hayana rangi. Hapo fundi anajua oksijeni imekwisha. Akiona waridi imerudi, kuna mahali hewa inaingia, na matokeo ya siku hiyo hayafai.

Sehemu moja ya maji ya rumeni huchanganywa na sehemu mbili za mate bandia. Ndani ya kila bomba tayari kuna miligramu 200 za malisho makavu yaliyosagwa, kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kijiko. Pistoni imepakwa mafuta ya mgando iteleze bila kuvujisha. Mililita 30 za mchanganyiko zinaingizwa, hewa inasukumwa nje, mpira unabanwa, na bomba linawekwa kwenye joto la nyuzi 39 likizungushwa au kutikiswa polepole. Baada ya saa chache pistoni huanza kupanda yenyewe. Nimesimama mara nyingi mbele ya mabomba hayo, na bado nastaajabu kuona kioo kisicho na moyo wala damu kikicheua. Husomwa saa ya 2, 4, 8, 12 na 24 tangu kuanza. Wanaotaka kujua malisho magumu huishia wapi huendelea hadi saa 96.

Mabomba mengine hayana malisho. Hayo huitwa mabomba tupu, na gesi yake hutolewa kwenye hesabu, kwa kuwa maji ya rumeni yenyewe huja na mabaki ya chakula cha jana. Mengine yana nyasi kavu ya kawaida ambayo gesi yake inajulikana. Nyasi hiyo ikitoa kidogo kuliko ilivyozoea, maji ya siku hiyo yalikuwa dhaifu, na matokeo ya malisho yote husahihishwa kwa kiwango hicho, au kazi hurudiwa. Kila malisho hupewa mabomba matatu angalau, na kazi nzima hurudiwa siku nyingine kwa maji mengine. Ripoti inayotokana na siku moja tu ni dokezo, hata kama jedwali lake limepangwa vizuri.

Mpaka hapa tumepima gesi yote. Methani ni sehemu yake tu, nyingine nyingi ni kabonidayoksaidi, ikiwemo ile iliyofukuzwa kutoka kwenye magadi. Kuitenga kuna njia mbili. Ya kwanza ni mashine ya kromatografia, ambayo hupitisha gesi kidogo kwenye mrija mrefu mwembamba, kila gesi ikatoka kwa wakati wake ikapimwa. Mashine hii hulinganishwa kwanza na mtungi wa gesi yenye methani ya kiasi kinachojulikana, na ripoti nzuri husema hivyo. Ya pili ni ya bei rahisi. Mililita chache za sodiamu haidroksaidi kali huingizwa ndani ya bomba, hunyonya kabonidayoksaidi yote, pistoni inashuka, na gesi iliyobaki huhesabiwa kuwa methani. Kwa kulinganisha malisho mawili siku moja, njia hii inatosha. Kwa namba ya kupeleka serikalini, haitoshi.

Kuna kasoro moja ambayo sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuijua kuliko wengine, kwa sababu ya milima yetu. Gesi hutanuka hewa ya nje inapokuwa nyepesi. Dar es Salaam na Mombasa ziko usawa wa bahari. Kabete, pembeni mwa Nairobi, iko juu kwa karibu mita 1,800, na msukumo wa hewa huko ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani. Gesi iliyosomeka mililita 40 pwani ingesomeka karibu 49 huko juu, bila molekuli hata moja kuongezeka. Kwa hiyo usilinganishe mililita za miji miwili mpaka uone kwenye ripoti kwamba zimebadilishwa ziwe za joto na msukumo mmoja wa hewa.

Kwa kila gramu ya nini?

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Nakupa mfano wa kukokotoa, namba zake nimezitunga zikae vizuri kwenye hesabu.

Malisho mawili yamepimwa. Mabua ya mahindi yametoa mililita 20 za methani kwa kila gramu iliyowekwa kwenye bomba. Mabingobingo machanga, yale ambayo Wakenya huyaita nepia, yakichanganywa na majani ya kaliandra yametoa mililita 24. Ukiishia hapo utasema mabua ndiyo mazuri kwa mazingira. Sasa uliza: ni kiasi gani cha malisho kilichomeng'enywa? Mabua, asilimia 40 tu. Mchanganyiko, asilimia 60. Gawa upya. Mabua yametoa mililita 50 kwa kila gramu iliyomeng'enywa, mchanganyiko umetoa 40. Mshindi amebadilika.

Sababu iko wazi. Mabua yalitoa methani kidogo kwa kuwa sehemu kubwa haikuchachuka kabisa. Ukiweka vipande vya mbao kwenye bomba utapata methani kidogo zaidi, na hakuna ng'ombe atakayekamuliwa kwa mbao. Malisho yanayosifiwa kwa kupunguza methani lazima yaonyeshwe pamoja na kiasi kilichomeng'enywa. Jedwali likiwa na safu moja tu ya methani, rudisha uulize safu ya pili. Kama wanayo hesabu ya asidi, iangalie pia: methani ikishuka huku propioniki ikipanda, hidrojeni imepata mlango mwingine, methani ikishuka pamoja na asidi zote, tumbo limelala.

Kaliandra, lukina na desmodiamu zina tanini, ule ukali unaokausha ulimi ukitafuna jani bichi. Tanini hukamata protini, huwabana baadhi ya viumbe wa rumeni, na mara nyingi hupunguza methani. Maabara ina namna nzuri ya kuthibitisha kwamba kweli tanini ndiyo iliyofanya kazi. Bomba moja hupewa majani peke yake, jingine majani hayohayo pamoja na polithilini glaikoli, kemikali inayoishika tanini na kuifunga. Gesi ikipanda kwenye bomba la pili, tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa imezuiwa na tanini. Hutahitaji kubahatisha.

Kioo kisichokijua

Bomba halina mate yanayoongezeka, halina ukuta wa kunyonya asidi, halipitishi chakula mbele kuelekea utumbo. Uchafu wote unabaki humo. Halina hamu ya kula pia: kwa bomba, malisho machungu na malisho matamu ni miligramu 200 sawasawa. Na halina wiki ya tatu. Baadhi ya mimea yenye saponini hupunguza protozoa siku za kwanza, kisha viumbe wa rumeni wakaizoea na nguvu yake ikafifia. Kipimo cha saa 24 hakiwezi kukuonyesha hilo.

Mwani unatufundisha vizuri. Mwaka 2014 watafiti wa Australia walichapisha kipimo cha aina 20 za mwani wa kitropiki kwa maji ya rumeni maabarani. Mmoja, Asparagopsis taxiformis, ulipunguza methani kwa karibu asilimia 99. Habari hiyo ilizunguka dunia. Ulipofika kwa ng'ombe hai, hadithi ikawa na matawi. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Davis uliochapishwa mwaka 2021, madume wa nyama waliokuwa wakila nafaka nyingi walipungukiwa methani kwa karibu asilimia 80, na waliokuwa wakila majani mengi walipungukiwa kwa karibu asilimia 50 tu. Upungufu huo ni mkubwa bado. Lakini ng'ombe wetu wengi ni wa majani, na hiyo ndiyo namba inayotuhusu.

Nimeulizwa na akina mama wa Unguja kama mwani wanaoulima ndio huo. Hapana. Unaolimwa Zanzibar kwa ajili ya kuuzwa nje ni wa jamii za Eucheuma na Kappaphycus. Asparagopsis hufanya kazi kwa sababu ya bromofomu iliyomo ndani yake, kemikali inayowazuia arkea, na ambayo pia inahitaji uangalizi isije ikaingia kwenye maziwa. Kumpa ng'ombe mwani wowote uliookotwa ufukweni kwa kutegemea habari hii ni kumlisha chumvi bure.

Baada ya bomba, anafuata mnyama. Kuna vyumba vya kupimia pumzi, ambamo ng'ombe hukaa siku moja au zaidi na chakula chake na maji yake, hewa inayoingia na inayotoka ikipimwa muda wote. Vyumba kama hivyo vipo Nairobi katika kituo cha Mazingira cha Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI. Kabla ya kuamini chumba, mafundi huachilia ndani yake methani waliyoipima kwa mizani na kuona kama mashine itaihesabu yote. Watafiti wa huko walichapisha mwaka 2020 kipimo cha madume wa Boran waliopewa chakula pungufu ya kile cha kujikimu. Wale walionyimwa zaidi walitoa methani nyingi zaidi kwa kila kilo waliyokula. Kwa mfugaji wa maeneo makavu jambo hili ni zito, kwa kuwa njaa ya kiangazi haimfanyi ng'ombe kuwa rafiki wa mazingira hata kama jumla ya mbweu zake imepungua, na hakuna bomba lingeweza kuliona.

Malishoni hutumika kidonge cha salfa heksafloraidi kinachokaa ndani ya rumeni kikivuja gesi kwa kasi inayojulikana, huku mkebe uliofungwa shingoni ukivuta pumzi ya pua kidogokidogo. Uwiano wa gesi hizo mbili hutoa kiasi cha methani. Wengine hutumia kihori chenye feni, ng'ombe anapokuja kula punje chache pumzi yake hupimwa. Zote ni kazi ghali, ndiyo maana bomba hutangulia kuchuja malisho 30 yakabaki matatu.

Ukitaka kupeleka malisho yako

Kikundi cha wafugaji au shule ya kilimo inaweza kupeleka sampuli kwenye maabara ya chuo au kituo cha utafiti wa mifugo kilicho karibu. Zaidi ya nusu ya ubora wa jibu iko mikononi mwa anayekata majani. Siku moja nilipokea marando ya viazi vitamu yaliyofungwa mabichi ndani ya mfuko wa nailoni, yakasafiri siku tatu. Nilipofungua, yalikuwa ya moto ukiyagusa na yamevaa ukungu mweupe. Tungeweza kuyakausha na kuyapima, na namba ingetoka safi kabisa, ila ingekuwa ya ukungu. Tuliyatupa, na kikundi kikasubiri msimu mwingine. Iliniuma, maana walikuwa wamechangishana nauli.

Kata kutoka sehemu nyingi za shamba, kwa urefu uleule unaomkatia ng'ombe, na lisichaguliwe jani zuri kuliko analolishwa. Changanya, pima kama kilo moja mbichi, andika uzito huo. Anika kivulini penye upepo, hasa majani yenye tanini, kwa sababu joto kali huibadili tanini na kipimo kikasema jambo jingine. Maabara yenyewe itamalizia kwa tanuri la joto la chini, nyuzi 60 au pungufu, kisha itasaga kwa chujio la milimita moja. Tumia mfuko wa karatasi. Juu yake andika jina la mmea kwa lugha yako na la kitaalamu kama unalijua, mahali, tarehe, umri wa majani tangu yakatwe mara ya mwisho, na kama yalitiwa mbolea. Saileji ni tofauti: isianikwe, kwani asidi zake huruka na upepo; ipelekwe imegandishwa au siku ileile.

Ukienda machinjioni kusaidia kuchota maji ya rumeni, vaa glavu na usifanye ukiwa na jeraha mkononi. Magonjwa kama brusela hayangoji mwaliko.

Kabla ya kulipa, waambie unataka gesi yote, methani, na kiasi kilichomeng'enywa, vyote vitatu kwa sampuli moja, na uulize watarudia siku ngapi. Peleka pia malisho unayotumia sasa hivi, hata kama ni mabua tu. Maabara ikipima mapya peke yake, utapata namba isiyo na mwenzake.

Mama mmoja mwenye ng'ombe wawili alinisikiliza nikieleza haya yote kwenye mkutano wa kikundi, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo karatasi ikija, mimi nifanye nini kesho yake?" Nilimjibu hivi: "Mama, karatasi itakwambia yapi ujaribu kwanza. Ukishachagua, mchanganyie ng'ombe mmoja kidogokidogo kwa wiki mbili ili tumbo lizoee. Kisha kwa wiki tatu pima maziwa yake asubuhi na jioni kwa kopo lilelile, na pima majani anayobakiza kihorini. Yule mwingine muache na chakula chake cha zamani, naye mpime vilevile. Halafu wabadilishe zamu."

Akaomba kalamu, akaandika nyuma ya bahasha: wiki mbili, wiki tatu, kopo moja.